Finjani Zilizowekwa Chini

Nguo za kazi za mume wangu nilikuwa nikizifua mara mbili. Mara ya kwanza haikuwa kufua hasa, ni kukung'uta na kusuuza mpaka maji yaache kuwa meupe. Sabuni ilikuja mara ya pili. Ilikuwa Ibra, miaka ya sabini, na tulikuwa tukifulia kwenye falaji, ule mfereji unaopita baina ya mitende, ambao kila shughuli ina mahali pake: juu watu huteka ya kunywa, wakishuka huoga, na chini ndiko tunakofulia. Siku moja jirani yangu, bibi mmoja mzaliwa wa Ibra ambaye hakuwa akitoka bila ya barakoa yake nyeusi usoni, aliniambia nishuke chini zaidi kwa sababu uchafu wangu unawashukia wenzangu. Akauliza kama mume wangu anafanya kazi kwenye kinu cha unga. Nikamwambia hapana, anasaga mawe. Akaliangalia lile shati mkononi mwangu, akasema, "Miskin," neno ambalo Waarabu na sisi tunalielewa sawasawa.

Nikachukia. Mimi si mtu wa kuonewa huruma na mtu niliyemjua juzi. Lakini nilishuka na shati langu, na nilipokuwa nikilisugua nikawaza kwamba hili nalifua mara mbili, na kifua chake nani atakifua.

Tulikuwa watu wa Unguja mjini. Nyumba zetu na baadhi ya watu wetu tuliwapoteza katika mwaka ambao hakuna Mzanzibari asiyeujua, tukatangatanga, na serikali mpya ya Oman ilipowaita waliokuwa nje warudi, tukaja na masanduku mawili. Ibra ndiko walikotoka mababu wa mume wangu. Yeye mwenyewe alikuwa hajapata kuiona. Alikuta majabali, mitende, nyumba za udongo, na jamaa wanaomwita binamu kwa Kiarabu ambacho nusu yake hakikumwingia. Kazi aliyoipata ilikuwa kwenye mtambo wa kusaga mawe nje ya mji, katika wadi, bonde la mto mkavu, kwa sababu nchi nzima ilikuwa ikijenga barabara, na barabara inataka kokoto.

Mwenye mtambo alikuwa mwenzetu. Nalisema neno hili kwa makusudi, maana ndilo lililotuponza. Amekulia mtaa wa pili na kwetu, amecheza mpira na mume wangu, na mkewe nimesoma naye skuli. Alitangulia kuja, akashirikiana na watu wenye nafasi, na barabara zilipoanza yeye alikuwa tayari. Aliwaajiri Wazanzibari wenzake kwanza, na baadaye Wapakistani wakaletwa kuongeza mikono. Na kwa haki alitusaidia. Mtu aliyetoka Afrika siku zile, ili apate uraia, alihitaji sheikh wa kabila lake amtambue, na neno la bwana yule mbele ya masheikh lilikuwa na uzito. Wengi wa waliofanya kazi mtamboni walipata karatasi zao kwa neno lake. Lilikuwa jambo jema, na papo hapo lilikuwa kamba shingoni.

Mtambo ulianza kunguruma jua likichomoza. Mawe makavu yanamiminwa juu, kokoto zinatoka chini, na vumbi linapanda mpaka watu hawaonani. Wanaume walijifunga vilemba puani na mdomoni, ndiyo kinga yao yote. Mume wangu alianza kukohoa mwaka wa pili, kikohozi kikavu, cha mtu anayetaka kusema jambo kisha akaghairi. Dawa ya vumbi ilikuwa ikijulikana. Ukiyarashia mawe maji kabla hayajaingia mtamboni, vumbi halipandi. Boza la maji, mpira mrefu, na mtu mmoja wa kurashia kutwa. Kila mtu alilijua hilo, na mwenye mtambo alilijua kuliko sote.

Sasa lazima nieleze mume wangu alikuwa mtu wa namna gani. Unguja alifanya kazi bandarini, na alikuwa ndani ya chama cha wafanyakazi mpaka kwenye mifupa. Si kwamba chama kile kilikuwa cha malaika. Siasa ziliingia, watu wakagawanyika, chama kikawa viwili na kila kimoja kikimtukana mwenzake. Lakini aliona kwa macho yake watu maskini wakikaa pamoja na tajiri akawasikiliza, na mtu akishaona hivyo hasahau. Oman hakukuwa na chama. Sheria ya kazi ilikataza mgomo, na neno chama lenyewe, mtu akilitamka, wenzake walitazama mlangoni kwanza.

Rafiki yake mkubwa pale mtamboni, na mpinzani wake mkubwa, alikuwa mtu wa bara, kutoka Tabora. Baba yake Mwarabu wa kabila moja na mume wangu, mama yake Mnyamwezi. Alifanya kazi katika reli, na baada ya uhuru vyama vyote vya wafanyakazi kwao vilivunjwa pakabaki kimoja tu, cha serikali, na mchango ukawa unakatwa kwenye mshahara kabla mtu hajauona. Sisi watu wa mjini tulikuwa na ubaya wetu. Tulimcheka Kiswahili chake, na Kiarabu chake tulikicheka zaidi, kana kwamba chetu kilikuwa na cha kusifiwa. Yeye hakujali. Kila Alkhamisi jioni alikuja kwetu, akanisalimia, "Shemeji, hujambo," akakaa, na wakaanza.

"Sikiza wewe," mume wangu alikuwa akisema. "Bandarini kwetu walikuwepo watu hawatoi mchango, hawaji mkutanoni, siku ya mgomo wamejifungia majumbani. Ikipatikana nyongeza, wao wa kwanza kunyoosha mkono. Wadandiaji! Gari wanasukuma wengine, wao wamo ndani wamekaa."

"Na mimi nilikuwa nakatwa kila mwezi," anajibu yule wa Tabora. "Hakuna aliyeniuliza. Nilipovunjika mguu stesheni, chama hicho hicho kikaniambia nivumilie, tunajenga taifa. Hapana, bwana. Kazi ni haki yangu, chama ni hiari yangu. Mtu asilazimishwe."

"Haki ya kufanya kazi!" Mume wangu anacheka mpaka kikohozi kinamshika. "Hayo ndiyo maneno ya matajiri wa Unguja. Ati kila mtu ana haki ya kufanya kazi bila ya kuingia chama. Matamu hayo. Lakini maana yake ni hii: kila mtu aje peke yake, ili nimmalize peke yake."

"Na maana ya kwenu ni kuwa mnimalize nyinyi."

Mimi nilikuwa nikipita na chai, nikimwona yule mtu mbishi tu, na bahili juu yake. Niliwahi kumwambia mume wangu kwamba mtu kama yule siku ya siku atamwacha njiani. Mume wangu akaitikia kwa kichwa; na yeye alifikiri hivyo hivyo.

Waliomba maji kwa adabu. Mwenye mtambo akawajibu kwa adabu vilevile: mlango wa ofisi uko wazi, kila mwenye shida aje peke yake. Wakaenda, mmoja mmoja. Wa kwanza akarudi na ahadi ya kutafutiwa karatasi ya nduguye. Wa pili akarudi na kazi nyepesi zaidi, mbali kidogo na vumbi. Wa tatu akarudi akashika kazi yake, na hatukujua kaambiwa nini. Maji hayakurudi na yeyote. Mume wangu alipokwenda akaambiwa, "Ndugu yangu, wewe unanijua. Kule ng'ambo ya mpaka, Imarati, wanasaga mawe makavu na wanauza rahisi kuliko mimi. Wenye barabara wanapiga hesabu zao. Ukinipandishia gharama huku, mtambo huu una magurudumu." Mume wangu alinihadithia hayo akiwa ameinamia sahani yake bila ya kula.

"Maji atayatoa," akasema. "Maji si kitu kwake. Asichotaka ni kuombwa na watu waliokaa pamoja."

Basi wakakubaliana kwamba awe mtu mmoja wa kuwasemea wote, naye awe mume wangu. Lakini watakwendaje? Wakiacha kazi, ni mgomo, na mgomo ni jela. Wakienda ofisini kundi zima, ni fujo. Dawa ilitoka mahali ambapo hakuna aliyepatafuta. Nilikuwa falajini nikilalamika, kwa kuwa mimi nikiwa na jambo silifichi, na yule jirani yangu wa barakoa akaacha kufua akanigeukia.

"Sisi hapa," akaniambia, "mtu akimwendea mwenzake kwa haja kubwa, akitiwa kahawa haiinywi. Anaiweka finjani chini mbele yake. Mwenye nyumba akiiona anafahamu. Atasema, kunywa kahawa yako, haja yako nimeipokea. Hapo ndipo unakunywa. Na ikiwa mgeni ameondoka kahawa yake haikunywewa, wallahi, mwenye nyumba ile afadhali asionekane sokoni."

Niliondoka na nguo mbichi begani. Mume wangu aliposikia alisimama katikati ya chumba, macho yamemng'ara. Hakuna sheria duniani inayomlazimisha mtu kunywa kahawa, akasema. Alizunguka mle chumbani akisugua mikono, na mimi nikamwona kama nilivyomwona zamani, kijana wa bandarini anayejua kusema mbele za watu. Nilifurahi, sitaki kusema uongo. Nilifurahi sana.

Yule bibi aliniuliza jambo moja tu siku ya pili yake. "Na watakaoshuhudia ni nani? Kahawa inawekwa chini mbele ya watu. Chukueni wazee wawili watatu wa Ibra wakae pale." Nikalipeleka neno hilo kwa wanaume, nao wakalikataa wote isipokuwa mmoja. Aibu! Tayari wenyeji walikuwa wakituona watu wa kelele, watu wa nchi za watu, wake zetu wanacheka njiani. Sasa tuwaite waje watazame Wazanzibari wanavyotiana adabu? Haya ni yetu sisi kwa sisi, wakasema. Mume wangu ndiye aliyesema kwa nguvu zaidi. Yule wa Tabora peke yake akasema waitwe wazee, na waitwe Wapakistani pia, kwani vumbi wanalokula ni moja. Wakamcheka. Wapakistani na kahawa wapi na wapi.

Wakasoma fatiha nyumbani kwangu, mikono juu, kwamba hakuna atakayegusa finjani mpaka neno la maji lipokelewe. Yule wa Tabora hakuinua mikono.

"Mimi silishwi kiapo," akasema. "Siku hiyo nitajua mwenyewe."

"Basi usije," mume wangu akamwambia, na alimwambia vibaya, kwa sauti ya kumfukuza. Yule mtu akavaa viatu vyake, akaniaga kwa heshima kama kawaida, akaenda zake.

Ilikuwa Ijumaa baada ya sala ya Alasiri. Mwenye mtambo alikuwa na nyumba mpya ya saruji, majlisi yake ya wageni ina zulia ukuta kwa ukuta. Mkewe aliniita nami niende nikamsaidie, kama tulivyokuwa tukisaidiana kwenye shughuli Unguja, na hakuna aliyemwambia kuna nini. Nilikaa naye jikoni nikikata haluwa. Wanaume waliingia kwa mlango wa mbele, tukasikia salamu zao ndefu. Nikasikia na sauti ya yule wa Tabora, kumbe kaja, na nikasonya.

Anayetia kahawa alikuwa mzee mmoja wa Kibaluchi. Kwa desturi mtia kahawa hachukui finjani nyingi. Mmoja akishakunywa inasuuzwa, anatiliwa mwengine. Akaingia na dele lake la kahawa na finjani chache mkononi. Haikupita muda akarudi jikoni.

"Finjani zaidi," akasema.

"Zaidi za nini?" mke wa tajiri akauliza. "Si umechukua za kutosha?"

"Hawazirudishi."

Nikajua wameziweka chini. Nikainuka mimi mwenyewe, nikafungua kabati la watu, nikampa finjani zote nilizoziona, mpaka zile za arusi zenye ukingo wa dhahabu. Mwenzangu akanitazama. Nikamwambia leo wageni wako ni wengi, dada, usione uchungu. Ni miongoni mwa dakika nzuri za maisha yangu, na zilikuwa dakika tu, sidhani hata chai ingeweza kuchemka.

Kisha nikasikia kicheko. Kilianza cha mtu mmoja, kikafuatiwa na cha wengi, kicheko cha wanaume waliokuwa wamebanwa na kitu wakaachiliwa. Baada yake ikaja sauti ya mwenye nyumba, ya chini, ya upole, ikisema na mtu mmoja, halafu na mwengine. Yule mzee wa Kibaluchi akarudi na sinia. Finjani tupu, machicha ya kahawa chini. Tupu, tupu, tupu. Mbili zilikuwa zimejaa, baridi. Akazimwaga.

"Hawa wawili hawakupenda kahawa yangu?" mwenzangu akauliza.

"Muulize mumeo," nikasema, na nikaliweka kisu chini kwa kishindo. Ya kwanza nilijua ni ya nani. Ya pili nilimtafuta mwenyewe kichwani mwangu, nikimpitia fulani na fulani, na sikumpata.

Mume wangu alinieleza njiani, tukirudi kwa miguu. Zile finjani ziliwekwa chini zote, sawasawa kama walivyoapa. Mwenye mtambo akaziangalia, akawaangalia watu, akacheka. "Ala! Jamani, mmekuwa mabedui tangu lini? Sisi hawa, watu wa Mkunazini? Kahawa tumekunywa barazani pamoja tangu wadogo, leo mnaniwekea chini kama nimewaulia ngamia!" Nao wakacheka. Ndiyo maskini walivyokwisha, maana kweli walijiona wanachekesha, wamevaa desturi ya watu kama mtu aliyevaa kanzu ya kuazima. Angekuwepo mzee mmoja tu wa Ibra pale, yule bwana asingethubutu kucheka, kwa kuwa pale jambo lile halichekewi. Lakini tulikuwemo sisi kwa sisi.

Walipomaliza kucheka akaanza mmoja mmoja. Kwa huyu, "Nani aliyekusemea kwa sheikh?" Kwa yule, "Mama yako karatasi yake ishatoka? Bado? Basi kunywa kahawa, mwanangu, isipoe bure." Neno la maji hakulitaja hata mara moja. Mume wangu alijaribu kusema, naye akamwinulia mkono. "Wewe nakujua. Hapa hakuna anayelazimishwa kufanya kazi na hakuna anayelazimishwa kugoma. Kila mtu ana mdomo wake, kila mtu ana finjani yake." Wakanywa. Waliosoma fatiha kwa sauti kubwa kuliko wote, nao wakanywa.

Mwisho akafika kwa yule wa Tabora, ambaye karatasi zake zilikuwa hazijatoka, na ambaye kwa rangi yake na kwa mama yake alikuwa na haja ya neno la tajiri kuliko mtu yeyote mle ndani. "Wewe nilidhani utakuwa wa kwanza kunywa," akamwambia. "Si wewe unayesema siku zote mtu asilazimishwe?"

"Ndiyo," akajibu. "Na kahawa hii silazimishwi."

Mume wangu alilia aliponieleza hilo, katikati ya njia, watu wakipita. Nilikuwa sijapata kumwona akilia, hata mwaka ule tulipofukuzwa kwetu. Alisema alimfukuza nyumbani kwake mtu pekee aliyebaki naye. Hata mimi nilikuwa nimemsonya.

Jumamosi wote wawili waliambiwa khalas, kazi imekwisha. Haukupita mwezi, boza la maji likaja mtamboni, na mpira mpya, na Mpakistani mmoja akapewa kazi ya kurashia. Mwenye mtambo aliwakusanya akawaambia kwamba hiyo ni hiari yake, hakuombwa na mtu. Vumbi likakaa. Watu wakafanya kazi nyuso zao zikionekana. Jirani zetu walikuja kutuhadithia, wengine kwa haya, wengine, Mungu anisamehe, kama wanaomletea mtu habari za arusi. Mimi niliwaka moto. Nilisema wanakunywa kahawa kwa mkono mmoja na kwa mkono wa pili wanapokea maji ya mume wangu, na nilisema mengi mengine.

"Nyamaza, bibi," mume wangu akaniambia. "Mimi sikuomba maji ya fulani na fulani. Niliomba maji. Si yamekuja?"

Hakuna tajiri mwengine wa Ibra aliyemchukua. Hawakumtukana, walimkaribisha, wakamnywesha kahawa, wakamwambia inshallah. Alikwenda Sur, akaenda Nizwa, majibu yakawa hayo hayo; habari ilimtangulia. Yule wa Tabora karatasi zake zilizama, hakuna aliyemsemea tena. Basi wakapanda lori pamoja, wakavuka kwenda Imarati, ambako siku zile mtu alivuka bila ya maswali mengi na kazi zilikuwa zimejaa. Kazi walizozijua ni za mawe, na kazi waliyoipata ni ya mawe.

Mshahara ulikuwa mzuri kuliko wa Ibra. Maji hayakuwepo. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba yule bwana hakuwa amesema uongo: ng'ambo walisaga makavu kweli, ndiyo sababu waliuza rahisi, na tajiri wa huku aliwatazama wa kule, na wa kule wakawatazama wa huku, kila mmoja akimnyooshea mfanyakazi wake kidole kuelekea mpakani. Kuna nchi nilisikia baadaye, katika redio, ambako majimbo yanafanyiana hivyo hivyo kwa sheria kabisa, jimbo moja linakataza chama kumlazimisha mtu mchango, na viwanda vinahama kutoka jimbo jirani kulifuata. Watu wa redio walizungumza kama jambo la hesabu. Mimi nilizima redio.

Alikuja kila baada ya miezi michache, amekonda zaidi kila safari. Nilimwambia arudi. Akasema arudi ale nini, na watoto wetu wasome kwa pesa gani. Tuligombana sana miaka ile, naye alikuwa akigombana huku ameegemea ukuta. Barabara ya kwetu ilipokwisha, mwenye mtambo aliufunga magurudumu yake akauhamishia Imarati, kama alivyotishia, wakati ambapo hakuna mtu aliyemwomba chochote. Boza aliliuza. Wafanyakazi aliwaaga kwa upole, mmoja mmoja, ofisini.

Katikati ya miaka ya themanini bei ya mafuta ilianguka, kazi zikapungua, na wa kwanza kurudishwa walikuwa wale waliokuwa hawana pumzi tena. Yule wa Tabora ndiye aliyemleta, amemshika kwapani kutoka kwenye gari mpaka kitandani. Nilimpeleka mume wangu hospitali ya Nizwa. Daktari, mtu mpole, alituonyesha picha ya kifua chake kwenye taa. Akasema haya ni mawe. Hakuna dawa ya kuyatoa. Mume wangu aliitazama ile picha kwa makini, akauliza kama yangepungua lau angeyaacha mapema. Daktari akasema ndiyo. Akauliza lau pangekuwa na maji. Daktari akasema ndiyo tena, pole pole, na hakuuliza maji gani.

Alikufa amekaa, kwa kuwa kulala alikuwa hawezi. Sina la kulipamba hilo. Nilikuwa nimemshika mgongo, na mgongo ukaacha kupanda.

Tangu maziko mpaka khitma walikuja wote. Lazima niseme walikuja wote, hakuna aliyekosa, na wengine walitoka Maskati. Walibeba jeneza, walichimba, walileta mchele na mbuzi, na waliniita dada. Walikuwa na mvi sasa, wazima, wana uraia, wana wajukuu wanaosema Kiswahili cha kuvunjikavunjika. Siwezi kusema nawachukia. Siku nyingine nawachukia. Siku ya khitma wakagawana juzuu, wakakaa majlisini wakaanza kusoma, na mimi nilikaa upande wa pili wa pazia nikiwasikiliza.

Walisoma vizuri. Sauti zao zilijaa nyumba, aya ndefu kwa pumzi moja, mmoja akimaliza mwengine anapokea, hakuna aliyetweta wala aliyesita. Niliinamisha kichwa nikangoja, sijui kwa nini, nisikie hata mmoja wao akikohoa. Alikohoa mmoja tu, yule wa Tabora. Alijaribu kukizuia, hakikuzuilika, akaiweka juzuu yake juu ya mto, akawaomba wenzake radhi kwa kuwakatiza, akatoka nje.